Kijia cha Baba Mlimani

Juzi nilirudi Kimuli nilikozaliwa, rafiki yangu, na nilirudi kama mgeni. Mjukuu wangu alinibeba kwa baiskeli mpaka pale mlima unapoanza kuwa mkali, akasema, "Bibi, shuka, hapa tutembee." Nikashuka, nikashika kiuno, nikatazama juu. "Msitu uko wapi?" nikamwuliza. Akacheka, mtoto yule. "Msitu gani, Bibi?" Mbele yangu palikuwa na mikalitusi iliyopandwa kwa mistari, shamba la maharage, na mwanamke mmoja anapalilia. Nikaacha barabara, nikaanza kupita pembeni pembeni nikitafuta mahali kijia cha zamani kilipokuwa kikiingia msituni. Yule mwanamke akasimamisha jembe, akanikagua kuanzia miguuni. "Shikamoo, mama. Umepoteza kitu shambani kwangu?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia napita tu. Hakuniamini hata kidogo. Alinisindikiza kwa macho mpaka nikarudi barabarani, na sikumlaumu. Hata mimi ningemshuku bibi kizee anayezungukazunguka kwenye maharage yangu hana jembe wala kikapu.

Nikuambie mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai nanusa kwanza. Mtu akinisifia sana najiuliza anataka kuazima nini. Watoto wangu wananitania kwamba siku nikifika mbinguni nitamwuliza malaika wa mlangoni ametumwa na nani. Wacheke tu. Tabia hii nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, nilipokuwa na miaka tisa au kumi hivi, na alinifundishia kwenye kijia hicho nilichokuwa nakitafuta.

Nyumbani kwetu palikuwa kando ya njia kuu ya wapagazi. Wadachi walikuwa wameshajenga boma lao Bukoba, lakini sisi wa milimani tuliwasikia zaidi kuliko tulivyowaona. Baba alikuwa na duka, chumba kimoja cha udongo chenye mlango wa mbao, na ndani yake vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba, na chumvi iliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Mpaka leo nikisikia harufu ya nguo mpya ya pamba nakumbuka duka lile. Baba yake alikuja na misafara kutoka pwani, akafia njiani. Baba akaendelea na safari mpaka miguu ikamchoka huku kwetu, akamwona mama, akakaa. Alivaa kanzu, alisali sala zake tano, hakugusa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwa hilo la mwisho peke yake majirani walimwona kiumbe wa ajabu.

Ukivuka njia tu, unaingia kibanja cha bibi: migomba, maharage chini ya migomba, na miti ya kahawa kumi na kitu, mikongwe, iliyoachwa na marehemu babu. Wajomba zangu walikuwa wamehamia Rugera, wakamwita mama yao awafuate, bibi akakataa katakata. Alisema hawezi kumwacha binti yake mikononi mwa mtu aliyekuja kwa miguu, maana miguu anayo bado.

Sasa sikiliza jinsi hao wawili walivyokuwa wakiishi, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Kwetu Wanyambo wa zamani, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mkwe haingii kwenye kibanja cha mama mkwe hivi hivi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Ni heshima, si ugomvi. Lakini walikuwa majirani, mambo ya kuambiana hayakosi, basi mimi ndiye nikawa mdomo wao. Bibi anasimama ugani kwake ametazama migomba, baba yuko mlangoni pa duka ametazama juu kwenye kenchi, hatua ishirini baina yao, na bibi anapaza sauti: "Mwambie baba yako mbuzi wake amekula maharage yangu!" Baba amesikia kila neno. Lakini anangoja nifike, nimwambie, ndipo ananituma: "Mwambie mama, tunaomba radhi, mbuzi atafungwa." Nikikimbia kurudi, bibi ameshasikia naye. Nilikuwa nachoka jamani!

Na kahawa. Kahawa yetu siku zile haikuwa hii ya kusaga na kunywa. Bibi aliichuma kabla haijawa nyekundu sana, akaichemsha kwenye chungu kikubwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, akaianika kwenye mkeka siku kadhaa huku mimi nikifukuza kuku. Ikikauka tunaiita akamwani. Mgeni akiingia, kabla hata ya kuulizwa habari za safari, analetewa punje chache kwenye kikapu kidogo, anatafuna. Kuzitafuna maana yake nimekuamini, sina wasiwasi na mkono wako. Usipozitafuna umemwambia mwenye nyumba kwamba unaogopa kulishwa sumu.

Tena kahawa haikuwa mali ya kila mtu. Miti ilikuwa chini ya mtawala, na kupanda mche mpya bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Mtu wa mtawala alipita kila baada ya miezi kadhaa, anahesabu miti kwa fimbo, anainama kuangalia kama chini yake kuna vichipukizi vilivyojiotea. Bibi alinituma niving'oe kila wiki nivitupe motoni. Ndiyo maana kahawa haikutoka nyumbani kwa mtu ila imechemshwa, isije ikaota kwa mwingine. Jambo hili kila mtu wa kwetu alilijua toka tumboni, na kwa kuwa kila mtu analijua, hapakuwa na mtu wa kulisema.

Basi. Kila siku ya tatu bibi alinipa kikapu kidogo nimpelekee mkwe wake akamwani. Siku moja akaniuliza, "Anatafuna?" Nikamjibu bila kufikiri, "Hapana, Bibi, anatia mfukoni." Lo! Laiti ningeuma ulimi. Bibi akaniambia niendelee kupeleka na niangalie vizuri. Nikaangalia. Baba alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazungumza nami habari za shule ya Kurani aliyosoma pwani, na mkono ukashuka mfukoni mwa kanzu. Kila mara. Nikapeleka taarifa. "Ehe," bibi akasema. "Ananiogopa. Mtu akikuogopa ujue kuna ubaya amekufanyia au anakaribia kukufanyia."

Wakati huo huo, mwenye duka jirani yetu, naye mtu wa pwani, alisema anakwenda Tabora kuleta nguo. Akafunga mizigo mchana kweupe, akamuaga mkewe kwa maneno matamu, akawabusu watoto wake wawili. Ikapita mvua ya kwanza, ikapita na ya pili. Wapagazi waliotoka huko wakasema wamemwona amevuka zamani kuelekea pwani, na hakuacha salamu. Yule mke alikuwa akija kwa mama kila asubuhi, anakaa karibu na jiko, haongei. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Namkumbuka anachambua maharage huku akimtazama mwenzake kwa kuibia, kisha anatazama mlango wa duka.

Hapo ndipo baba alipoanza mambo ya kijia.

Nyuma ya duka mlima ulipanda, na msitu ulianza karibu kabisa, mweusi, wenye baridi yake. Toka njia kuu kulikuwa na kijia chembamba kilichoingia msituni, cha warina asali wa zamani, ambacho kilikuwa hakitumiki tena. Baba akaanza kukitumia. Kila alfajiri baada ya kusali alitoka na kibuyu cha maji begani, anarudi jua limechomoza, kibuyu kitupu, pindo la kanzu limejaa tope. Mama akimwuliza, anasema alikwenda kunyoosha miguu. Mtu gani ananyoosha miguu na kibuyu cha maji? Siku nyingine nilimwona ametoka na jembe amelifunika kwa gunia. Nilipomwamkia alishtuka akaniambia, "Marahaba, mwanangu, nenda kamsaidie mama yako," na macho yake hayakukaa mahali pamoja.

Nilikwenda kwa bibi mbio. Ndiyo, nilimshtaki baba yangu, na sioni haya kukuambia, maana niliogopa. Bibi akanyunyiza majivu pale kijia kinapoanza, asubuhi tukaenda kuyasoma. Nyayo za kuingia, mtu mmoja. Nyayo za kutoka, mtu mmoja, huyo huyo. "Basi si mwanamke," bibi akasema, kama aliyekosa kitu alichokitegemea. "Au mwanamke anaingilia upande wa pili. Au anaficha mizigo. Anatoa nguo dukani kidogo kidogo, anazirundika huko, siku moja tunaamka duka tupu." Nikaenda kuhesabu majora ya merikani. Yalikuwa yametimia, nami badala ya kufurahi nikashuku kwamba nimehesabu vibaya.

Bibi aliamua. Alimtumia mjomba ujumbe Rugera kwamba mwezi ukiandama aje na watu wa kubeba vitu. Angemchukua binti yake na sisi watoto kabla mtu wa pwani hajatuacha kwa hiari yake. Mama hakuambiwa. Mimi niliambiwa, na nikaapishwa. Hebu fikiria mtoto wa umri ule amebeba neno kama hilo, kila siku anapikiwa uji na mama yake, baba anampa kipande cha sukari guru, na yeye anajua mwezi ukiandama nyumba hii haipo tena.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama, baba alikwenda kumwamkia mtawala pamoja na wafanyabiashara wengine, safari ya kutwa nzima. Bibi akaja ugani, akasimama upande wa pili wa njia, akaniita kwa kidole. "Chukua kikapu. Tunakwenda kuokota uyoga." Alisema kwa sauti kubwa ili mama asikie. Mkononi alishika fimbo, na kiunoni, chini ya nguo yake ya gome la mti, nikaona mpini wa kisu.

Kijia chenyewe kilikuwa kifupi, nakuapia. Chungu cha ndizi ulichokiacha jikoni kisingeiva kabla hujafika mwisho wake. Lakini siku ile niliona hakiishi. Ukiacha tu njia kuu, kelele za wapagazi na mbuzi zinakatika, unabaki unasikia maji yakidondoka toka jani moja kwenda jingine. Ardhi ilikuwa laini, miguu inazama. Kulikuwa na mizizi iliyokatiza njia, na baba alikuwa amekata ngazi ndogo ndogo mahali penye utelezi. Bibi akazigusa kwa fimbo. "Anapita na mzigo," akasema. Mbega mmoja mweusi na mweupe alitutazama toka juu, akaruka, matawi yakamwaga maji shingoni mwangu nikapiga yowe. "Kelele!" bibi akaninong'oneza, akanifinya. Tukakuta siafu wamekatiza, tukawaruka. Tukakuta yale matunda mekundu ya msituni yanayochachua ulimi, ambayo siku nyingine ningekaa hapo mpaka nishibe. Sikuyagusa. Hata matunda niliyaona yanajua kitu.

Kisha kijia kikapinda nyuma ya jiwe kubwa, mwanga ukaingia, tukasimama.

Palikuwa na uwanja mdogo uliofyekwa vizuri, umezungushiwa miiba. Na katika uwanja ule vituta vidogo, mistari minne, kila kituta kimefunikwa kwa nyasi kavu na jani la mgomba lililoegeshwa juu kukinga mvua. Vyote vimelingana. Udongo wake umelainishwa kwa mkono.

"Bibi," nikasema, "ni makaburi ya watoto."

Bibi naye alikuwa anafikiri hivyo hivyo. Alitoa kisu. Aliinama kwenye kituta cha kwanza, akaondoa jani, akaanza kuchokoa udongo polepole. Akatoa kitu kidogo cheusi. Akakifuta kwenye nguo yake, akakinusa, akakinusa tena. Akaenda kituta cha pili, cha tatu, sasa anachimbua kwa vidole kama kuku. Alipofika cha tano akakaa chini kwenye tope, akanyoosha miguu.

"Ni zangu," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Akamwani zangu. Hizi nimezichemsha mimi mwenyewe. Amezipanda!" Mabega yakaanza kumcheza. Akajiziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikampasuka, akacheka mpaka akalala ubavu. "Mama yangu mimi! Amepanda kitu kilichopikwa! Mtu mzima na ndevu zake, ni kama anachukua maharage ya chunguni anayafukia, anayamwagilia maji, anangoja yaote!"

Nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka, na kwa sababu hayakuwa makaburi. Tulicheka sana. Halafu nikaona bibi anafuta macho na machozi hayaishi, na hacheki tena.

"Tangu lini anatia mfukoni?" akaniuliza.

"Tangu kabla ya mvua, Bibi."

"Na kila siku anabeba maji." Alitazama ile mistari minne. "Kahawa haizai mpaka miaka mitatu, minne ipite. Mtu anayetaka kuondoka anapanda kahawa ya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nililia kwa sauti, machozi ya furaha tupu. Baba haendi popote! Bibi aliniacha nilie. Kisha nikasema twende tukamngoje tumwambie kwamba zimechemshwa, haziwezi kuota. Bibi akanigeukia kwa ukali.

"Nani amwambie? Mimi? Nimwambie mkwe wangu kwamba nilimfuata msituni na kisu, nikachimbua mambo yake? Na wewe ukimwambia, atauliza nani alikuleta. Atakufa kwa haya, na mimi nitakufa kwa haya, na tutaishije hapa?" Akachezea ile punje kiganjani. "Na asipoambiwa atamwagilia mpaka achoke. Siku moja atasema nchi hii imemkataa. Kisha atafunga mizigo kweli." Na tena kulikuwa na mtu wa mtawala. Akipajua pale, duka litachukuliwa na baba atafukuzwa kama mbwa, iwe kahawa imeota au haikuota.

Tukarudisha udongo kama ulivyokuwa, tukaokota uyoga kweli, tukarudi. Wiki ile bibi aliniambia nisiving'oe vichipukizi chini ya miti yake.

Unavijua vichipukizi vya kahawa vikiwa vichanga? Kila kimoja kimesimama kwa mguu mmoja mwembamba na kubeba punje yake kichwani, bado haijafunguka. Tulivichagua hivyo, vilivyotokeza siku ile ile, ili baba aone punje zake ndizo zimeota. Bibi akaving'oa pamoja na udongo wake, akavipanga kwenye kikapu, akafunika kwa jani la mgomba, na juu ya jani akaweka uyoga. Baba alikuwa dukani na wateja, na mchana hakuwahi kupanda mlimani. Tukatoka kama watu wanaokwenda kumtembelea mgonjwa.

Pale kijia kinapoingia tukamkuta mtu wa mtawala amekaa kwenye kisiki, amenyoosha fimbo yake mapajani.

Bibi alipiga magoti, akamwamkia kwa adabu zote, nami nikapiga magoti nyuma yake. Jamaa akatazama kikapu. "Mnatoka uyoga au mnaenda uyoga?" akauliza. Swali zuri, kwa kweli, kwa sababu tulikuwa tunaelekea msituni na kikapu kimejaa. Bibi hakupepesa macho. "Tunarudisha, bwana. Huyu mtoto ameokota peke yake asubuhi, na mimi baadhi siufahamu. Nataka anionyeshe alipoutoa kabla hatujala tukafa. Lakini wewe ni mtu mwenye macho, hebu tuchagulie." Akamsogezea kikapu mpaka chini ya pua. Mkono wa yule bwana, uliokuwa umeshanyooka, ukarudi taratibu ukashika fimbo. Akatazama uyoga, akamtazama bibi, akanitazama mimi. "Uchome moto wote," akasema, akainuka akaenda zake.

Tulipofika penye jiwe kubwa bibi alilazimika kukaa.

Tulipanda mpaka jua likawa utosini. Bibi anachimbua akamwani, mimi nashindilia kichipukizi kwa vidole, yeye anarudisha jani. Kila punje aliyoitoa aliifuta, akaitia mdomoni mwake, akatafuna. Nikamwuliza kwa nini hatupi. "Nilimpa mkwe wangu kwa moyo mweupe," akasema huku mdomo umejaa. "Hatazitafuna yeye, nitazitafuna mimi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni toka alfajiri. Baba alirudi mapema mno, anakimbia, kanzu ameikunja mpaka magotini, na kibuyu hana. Hakuniona. Aliingia ndani, akamshika mama mkono, mama mwenye mimba kubwa, akatoka naye bila kusema neno, na duka likabaki wazi. Waliporudi mama alikuwa analia na kucheka, nywele zimejaa majani. Akavuka njia moja kwa moja kwa bibi, nami nyuma yake.

"Mama, mwenzangu amepanda kahawa. Imeota!"

Ungemwona bibi yangu! Alirudi nyuma hatua mbili. "Kahawa? Mtu wa pwani? Usinidanganye, wewe. Kapata wapi?" Akauliza maswali, akashuku hiki, akashuku kile, mpaka mama akakasirika. Halafu akatoka ugani, akatazama migomba yake, akapaza sauti. "Mwambie baba yako kahawa changa haipendi jua. Asiondoe majani." Nikavuka. Baba alikuwa mlangoni, ametazama kenchi. Aliningoja nifike, akasikiliza ujumbe wote kama hakuusikia. "Mwambie mama," akasema, akanyoosha kanzu yake. "Mwambie mama nimesikia."

Mwezi ulipoandama mjomba alikuja na watu wake wanne na kamba. Bibi akawapikia ndizi, akawauliza wamefuata nini, akawafungia na nyingine za njiani. Mjomba alirudi Rugera akiamini mama yake ameanza kuchanganyikiwa.

Miaka ikapita, ile amri ya kutopanda ikalegea, kisha Wadachi wenyewe wakaanza kuwahimiza watu wapande. Baba akaacha kuificha kahawa yake. Ilipokuja vita misafara ikakatika, duka likafa, hapakuwa na chumvi wala merikani, na ile kahawa ya msituni ndiyo iliyotuvusha. Baba alijisifu nayo sana. Kila mgeni alionyeshwa. "Mkono wangu huu," anasema, "mkono wa mtu wa pwani!" Na bibi, ng'ambo ya njia, anasikia, anatikisa kichwa, anaendelea kuanika. Mimi niliwatazama wote wawili. Kuna siku nilishuku kwamba baba anajua. Watu wangapi walipita dukani kwake, ina maana hata mmoja hakumwambia kwamba akamwani haioti? Na zile alama za vidole vyangu vidogo kwenye udongo, hakuziona? Sikuwahi kuuliza. Kikapu kidogo niliendelea kukipeleka kila siku ya tatu, na sasa baba alikuwa anatafuna.

Bibi alikufa mimi nikiwa nimeshaolewa. Tulimlaza nyumbani kwake, tukamfunika. Wanawake walikuwa wanalia ndani, wanaume wako ugani. Baba alivuka njia, kichwa kimeinama, akasimama mlangoni ambapo hakuwahi kusimama. Akaniomba nimfunue bibi uso. Nikatazama wazee, mmoja akaitikia kwa kichwa, nikafunua. Baba akainua kichwa, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "ahsante kwa miche."

Akageuka akaenda kukaa na wanaume. Sijui alijua tangu asubuhi ile ya kwanza au baadaye. Mimi nilimfunika bibi uso tena.

Msitu umekwisha, kijia kimelimwa, mikahawa yenyewe ilizeeka ikakatwa kuni. Siku hizi mkwe na mama mkwe wanakaa benchi moja, wanapokezana mtoto, wanaulizana habari za mguu unaouma. Ni vizuri, sisemi ni vibaya, mkwe wangu mwenyewe ananishika mkono nikishuka ngazi. Lakini mimi nilikulia kati ya watu wawili waliotunzana miaka mingi hivyo na hawakutazamana usoni hata siku moja, na wala sitegemei kuona tena watu wa namna hiyo.